Zau: mchezo wa video kuhusu msiba, na namna wachezaji walivyoupokea

Tales of Kenzera: Zau ni mchezo wa video unaosimulia safari ya mganga kijana anayekwenda kumdai mungu wa mauti amrudishie baba yake. Ulitolewa tarehe 23 Aprili 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series X na S, Nintendo Switch na kompyuta, kwa bei ya dola 19.99 za Marekani. Waliouunda ni Surgent Studios, studio ndogo ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 2019 na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Kampuni kubwa ya Electronic Arts iliusambaza kupitia EA Originals, kitengo chake kinachochapisha kazi za studio huru. Wahusika wake wanaweza kusikika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa michezo ya kiwango hicho ni nadra mno.

Wapenzi wa gemu walimfahamu Salim kabla ya hapo. Ndiye sauti ya Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins, mchezo wa mwaka 2017 uliowekwa Misri ya kale. Kazi yake mwenyewe aliitangaza Desemba 2023 jukwaani Los Angeles, katika hafla ya The Game Awards, na badala ya kuusifia mchezo kama wafanyabiashara wanavyofanya, alizungumza kuhusu kifo cha baba yake, kilichotokea takriban miaka kumi nyuma. Baba huyo ndiye aliyemtia katika michezo ya video tangu utotoni, na ndiye aliyempokeza hadithi zilizotoka kwa babu, ambaye alikuwa mganga. Mchezo uliofuata umejengwa juu ya mambo hayo matatu: gemu, hadithi za ukoo na kaburi.

Hadithi yenyewe ina ngazi mbili. Ya juu ni ya Zuberi, kijana wa mji wa kubuniwa uitwao Amani, katika wakati ujao ambao Afrika imepiga hatua kubwa za teknolojia. Baba yake amefariki, na mama yake anampa kitabu alichoandikiwa na marehemu. Zuberi anapokifungua, mchezaji anaingia ngazi ya pili, yaani ndani ya kitabu, ambako kuna Zau. Huyu naye amefiwa na baba, na hataki kukubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kuwekeana naye mapatano: akimletea roho tatu kuu zilizokataa kwenda kuzimu, baba yake atafufuliwa. Kalunga anamfuata safari nzima kwa umbo la mzee mpole, mwenye subira na maneno ya busara. Uamuzi huo wa kumfanya mauti awe mwenzi wa njiani, asiwe adui wa kupigwa mwishoni, ndio unaoutofautisha mchezo huu na mamia ya michezo mingine ambayo kifo ndani yake ni hesabu tu ya nukta zilizoisha.

Kwa umbo, Zau ni mchezo wa aina iitwayo metroidvania, jina lililounganishwa kutokana na michezo miwili ya Kijapani ya miaka ya 1980, Metroid na Castlevania. Mchezaji hutupwa katika ramani pana asiyoijua. Hukuta korongo asiloweza kuliruka au mlango usiofunguka, huenda kwingine, hupata uwezo mpya, kisha hurudi palepale na kupita. Salim ameeleza katika mahojiano kwamba aliichagua aina hii kwa sababu msiba una mwendo kama huo: mfiwa hupotea katika maisha aliyodhani anayajua, hurudi mara kwa mara mahali palepale penye maumivu, na kila anaporudi huwa na nguvu kidogo zaidi. Hoja hiyo inaonekana katika mchezo wenyewe, kwa sababu kupotea na kurudi ni matendo ya mikono ya mchezaji, na hakuna anayehitaji kuambiwa maana yake kwa maneno.

Silaha za Zau ni barakoa mbili alizorithi kwa baba yake. Ya Jua humpa mikuki ya moto ya kupigania karibu. Ya Mwezi humwezesha kurusha mapigo ya baridi kutoka mbali. Mchezaji hubadilisha moja kwa nyingine katikati ya pambano, na hapo ndipo penye utamu wa vita vya mchezo huu.

Kwa msomaji wa Karatu au Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, jozi hiyo ya jua na mwezi si ngeni. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wana Ishoko, ambaye ni jua, na Haine, ambaye ni mwezi, na katika masimulizi mengi wawili hao ni mke na mume. Ngoma yao tukufu ya epeme huchezwa usiku usio na mbalamwezi. Kwa Wairaqw, wanaojulikana pia kama Wambulu, Mungu ni Looaa, anayetajwa kwa jinsia ya kike na ambaye jina lake ni hilohilo la jua. Kinyume chake wapo netlaamee, roho wa chemchemi na mito, wanaoogopwa. Waliounda Zau hawakuchota huku, lakini mchezaji aliyekulia huko Karatu, kati ya Mang'ola na Mbulumbulu, anaweza kuivaa barakoa ya Jua bila kuhitaji maelezo marefu.

Wachezaji waliupokeaje? Jibu la kwanza, na lililosikika zaidi, lilitoka kwa waliofiwa. Wahakiki kadhaa wa magazeti na tovuti za michezo waliacha kuhesabu maadui na silaha wakaandika kuhusu baba zao, mama zao na ndugu zao waliozikwa. Wachezaji wa kawaida walifanya vivyo hivyo katika maoni yao. Walichokitaja mara nyingi hakikuwa vita, bali mibuyu. Katika safari yake Zau hukuta miti ya mibuyu ambayo chini yake anaweza kuketi. Anapoketi, Kalunga huketi naye, na wawili hao huzungumza kuhusu baba, kuhusu hasira, kuhusu hofu ya kusahau sauti ya marehemu. Mazungumzo yakiisha, uhai wa Zau huwa umeongezeka, na ongezeko hilo ni la kudumu. Katika lugha ya michezo ya video hiyo ni kauli nzito: nguvu haikutokana na kuua, imetokana na kukaa kitako na kusema yaliyo moyoni.

Mibuyu hiyo ina jamaa zake halisi jirani na Karatu. Barabara inayotoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu hupita katikati ya mibuyu mikubwa.

Jambo ambalo waandishi wengi wa nje walilisifia kama uvumbuzi, kwamba huzuni ipewe hatua, mahali na mwenzi, katika nyanda hizi ni utaratibu wa kale. Wadatoga, ambao waliishi katika kreta ya Ngorongoro kabla ya kusukumwa na Wamaasai katika karne ya 19, wana mazishi makubwa yanayoitwa bung'eed. Hufanyiwa mzee aliyeheshimika. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu cha udongo na miti, na hakikamiliki kwa siku moja. Hupandishwa hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, huku koo zikikusanyika, nyimbo zikiimbwa na wajibu ukigawanywa kwa kila upande wa familia. Kaya ya Wairaqw iliyofiwa ilikuwa ikiingia katika hali iitwayo metimani, yaani kutengwa kwa muda na shughuli za wengine, na muda huo ulikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana na jirani wote. Ukali wa utengano huo umelalamikiwa, na wengi wameuacha, lakini ulikuwa na faida moja: hakuna aliyemhimiza mfiwa aharakishe kupona.

Zuberi wa Amani hana bung'eed wala metimani. Yupo chumbani peke yake na kitabu. Hilo ndilo lililowagusa vijana wa London, Toronto na Nairobi, wanaozika wazazi kwa likizo ya siku chache na kutakiwa kurudi kazini Jumatatu. Mchezo uliwapa kwa muda wa saa nane hivi kitu ambacho jamii yao imeacha kuwapa. Hapa ndipo ulipo ubora wake wa kweli, na mapungufu yake mengine yote inafaa yapimwe kwa kuukumbuka ubora huo.

Mapungufu hayo yapo, na wachezaji hawakuyaficha. Wastani wa alama za wahakiki uliokusanywa na tovuti ya Metacritic ulikuwa sabini na kitu kwa mia: mchezo mzuri, usio mkamilifu. Lalamiko kubwa lilihusu sehemu za kukimbizwa, ambamo kosa moja la kidole humwua Zau papo hapo na kumrudisha nyuma, akaanze tena. Mtu akifa mara kumi na tano mahali pamoja, hasira yake huhama kutoka kwenye hadithi na kuhamia kwenye padi. Katika mchezo mwingine lingekuwa kosa la ufundi tu. Katika mchezo unaotaka kumfundisha mtu uzito wa kifo kimoja, kuua shujaa ovyo na kumfufua baada ya sekunde mbili kunaipunguzia hadithi heshima yake. Waliolalamika walikuwa na haki, na lalamiko lao linagusa kiini cha kazi.

Wengine waliona ramani ni nyembamba: siri chache za kutafuta, aina chache za maadui, njia iliyonyooka mno kwa mtu aliyezoea metroidvania zenye vichochoro. Wapo pia waliosema Kalunga anaeleza mno, kwamba kila hisia inatajwa kwa jina kabla mchezaji hajaihisi. Hoja hii ya mwisho inajadilika. Kwa msikilizaji aliyezoea wazee, mzee anayeeleza si kasoro ya usimulizi. Ndiyo kazi yake. Lakini kuhusu wembamba wa ramani hakuna utetezi wa kutosha, isipokuwa ukumbusho kwamba studio ilikuwa changa na huu ulikuwa mchezo wake wa kwanza.

Sauti ya Kiswahili ilipokewa kwa furaha ambayo studio nyingi zinafaa kuitazama. Kwa Kiingereza, sauti ya Zau ni ya Salim mwenyewe. Wahakiki kadhaa wasiojua neno hata moja la Kiswahili hata hivyo waliwashauri wasomaji wao wachague sauti ya Kiswahili na kusoma maandishi chini ya skrini, kwa kuwa hadithi ilionekana kukaa vizuri zaidi ndani yake. Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki uzito ulikuwa mwingine. Kiswahili kimekuwa kikisikika katika filamu na michezo ya kigeni kama pambo: majina ya simba, kibwagizo cha wimbo, salamu ya mlinzi getini. Hapa kimepewa kazi ya kubeba majuto, hasira na mabishano na mungu, kwa saa nyingi mfululizo, na kimeibeba.

Karatu yenyewe ni mahali pazuri pa kupimia jambo hilo. Ni vigumu kupata wilaya nyingine Afrika ambako familia za lugha zilizo mbali hivyo zinakutana katika soko moja: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga na Kimaasai ni za Kiniloti, Kihadza kina sauti za kidoko na hakijathibitishwa kuwa na ndugu popote, na Kiswahili cha Kibantu ndicho kinachowaunganisha wote. Mtoto wa hapa husikia hadithi za bibi kwa lugha moja na kusoma kitabu cha shule kwa nyingine. Mchezo unaosema Kiswahili unamfikia mahali ambapo mwenzake wa kabila lingine pia yupo.

Lipo jambo jingine linalofaa kutajwa kuhusu wasikilizaji wa nyanda hizi. Katika slufay, ushairi wa sala wa Wairaqw unaosemwa na wazee kwenye mikusanyiko, kiongozi hutoa mstari na waliokaa humwitikia. Bila kiitikio, sala haiendi. Hadithi za Kiswahili nazo hazianzi mpaka paukwa ijibiwe pakawa. Mapokezi ya hadhira, kwa desturi hiyo, ni sehemu ya kazi yenyewe tangu mwanzo. Mchezo wa video umerudisha kitu ambacho kitabu na sinema vilikuwa vimekiondoa: msimulizi ananyamaza mpaka msikilizaji atende. Ndiyo maana maoni ya wachezaji wa Zau yana thamani kuliko maoni ya kawaida ya wateja wa bidhaa. Wao ndio walioketi chini ya mbuyu, na kama hawakuketi, mazungumzo yale hayakutokea kabisa.

Ubishi wa heshima ulizuka pia kuhusu asili ya hadithi. Mchezo ulitangazwa kuwa umetokana na simulizi za Kibantu, lakini viumbe wake wametoka mbali na kwingi. Kalunga ni wa Wakongo na jirani zao, ambao kwao neno hilo hutaja pia maji yanayotenganisha walio hai na wafu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu wa Afrika Kusini. GaGorib, jitu lililoketi ukingoni mwa shimo na kuwatumbukiza wapita njia, ni la Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Kwa mtoto wa ughaibuni aliyepokea Afrika kwa vipande kutoka kinywani mwa baba, mchanganyiko huo ni wa kweli na haupaswi kudharauliwa. Hata hivyo una gharama. Kiumbe akitolewa kwenye mlima wake, hupoteza sababu ya kuwa vile alivyo, na mchezaji hupewa jina na sura bila kupewa chanzo. Mwandishi wa mchezo aliye nyumbani ana nafasi ya kufanya kinyume: achukue mlima mmoja na kuukaa.

Hayakuwa mapokezi ya heshima tu. Tangu mchezo ulipotangazwa, studio ilishambuliwa na watu, wengi wao wakiwa hawajaugusa mchezo wenyewe, waliochukizwa na kuona mashujaa weusi. Katikati ya mwaka 2024 Salim alitoa video akisimulia chuki ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa ikiwaandama yeye na wenzake, akatangaza punguzo la bei ili watu wengi zaidi waucheze na kujionea wenyewe. Julai mwaka huohuo studio ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Oktoba ikasimamisha kitengo chake cha michezo huku ikitafuta fedha za mradi mpya uliopewa jina la Project Uso. Baadaye ilirudi kwa njia nyingine kabisa: tarehe 31 Julai 2025 ilitoa Dead Take, mchezo wa kutisha unaohusu Hollywood.

Tuzo zilikuja wakati timu imeshapungua. Zau iliteuliwa katika The Game Awards ya 2024 miongoni mwa michezo yenye mchango kwa jamii, ambako tuzo ilikwenda kwa Neva, mchezo wa studio moja ya Hispania. Aprili 2025 taasisi ya BAFTA ya Uingereza iliipa Zau tuzo ya mchezo unaovuka mipaka ya burudani. Wafiwa walioandika maoni yao mwaka mmoja kabla walikuwa wameshasema hivyo.

Kwa kijana wa Karatu, swali la kwanza si kama mchezo ni mzuri, ni atauchezea wapi. Dola 19.99 zilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 50,000 wakati mchezo unatoka. Haukutolewa kwa simu, na simu ndiyo mashine ya michezo ya Watanzania wengi. Duka la mtandaoni la PlayStation halina Tanzania katika orodha ya nchi zake, hivyo wenye mashine hulazimika kufungua akaunti za nchi nyingine. Waliokuwa na uanachama wa PlayStation Plus wa ngazi ya Extra waliupata tangu siku ya kwanza bila malipo ya ziada, lakini hao hapa ni wachache, na kupakua mchezo wa namna hii kunamaliza bando.

Vipo vibanda vya gemu, na katika miji ya ukubwa wa Karatu ndivyo shule halisi ya mchezo wa video. Kibanda kina televisheni, PlayStation ya toleo la zamani, padi mbili na benchi. Mteja hulipia mechi au dakika. Biashara hiyo imeujenga mpira wa miguu wa skrini kuwa mfalme, kwa sababu mechi huisha haraka, wawili hucheza pamoja, na waliobaki hushangilia. Hadithi ya saa nane haina nafasi hapo. Anayeanza leo hana hakika kesho atakuta safari yake imehifadhiwa, na mwenye kibanda hawezi kumwachia mtu mmoja mashine jioni nzima. Wanaosema vijana wa Tanzania hawapendi michezo ya hadithi hawajaangalia namna wanavyolipia. Kibanda kinachotoza kwa saa, na kumpa kila mteja nafasi yake ya kuhifadhi, kingeonyesha haraka kama kupenda kupo au hakupo.

Upande wa pili wa jambo ni nani atakayetengeneza. Malighafi ya Karatu na Ngorongoro haina upungufu. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ukanda unaojumuisha Ngorongoro, Karatu na Monduli kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia, Ngorongoro Lengai. Ndani yake mna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, volkano ambayo mlipuko wake wa mwaka 2007 na 2008 ulimwaga majivu juu ya malisho. Kuna mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai, lundo zima la majivu linalosukumwa na upepo mwaka hadi mwaka. Kuna Laetoli, ambako nyayo za miaka milioni 3.6 zimebaki zimeganda kwenye majivu ya volkano, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, wa miguu mikubwa na midogo. Hakuna mbuni wa ramani aliyeko Los Angeles atakayebuni mahali pa kuanzia hadithi palipo bora kuliko hapo.

Masimulizi pia yamehifadhiwa, angalau kwa sehemu. W. D. Kamera alichapisha hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili katika miaka ya 1970. Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling walitoa kamusi ya Kiiraqw mwaka 2002. Masimulizi ya Wahadzabe yalikusanywa na Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, yakachapishwa kwa Kijerumani, na mengi ya hayo hayajawahi kuwafikia wajukuu wa waliosimulia. Hapo kuna onyo kwa yeyote atakayetaka kutengeneza mchezo: hadithi ikichukuliwa bila mwenyewe, hata kwa nia njema, humponyoka.

Alaska imetoa mfano unaofaa kufuatwa. Novemba 2014 ulitoka Never Alone, mchezo wa binti wa Wainupiat, wenyeji wa Alaska, na mbweha wake wakitafuta chanzo cha dhoruba isiyokoma. Baraza la wenyeji la Cook Inlet ndilo lililoamua kuwekeza, likaanzisha studio pamoja na kampuni ya E-Line Media. Wazee walishiriki kuandika. Hadithi ilikuwa ya msimulizi Robert Cleveland, na binti yake mzee, Minnie Gray, aliombwa ridhaa kwanza. Msimulizi katika mchezo anasema Kiinupiaq, lugha ya Wainupiat, mwanzo hadi mwisho, na mchezaji anaposonga mbele hufunguliwa video fupi za wenyeji wakieleza maisha yao. Wachezaji walilalamikia udhibiti mzito wa mbweha, lakini walizisifia video zile karibu kwa sauti moja. Lengo lilikuwa mapato yarudi kwa baraza.

Utaratibu kama huo unawezekana Karatu. Halmashauri, wazee wa koo, walimu wa Kiswahili wa sekondari na vijana wanaosomea kompyuta Arusha, umbali wa kilomita kama 140, wanaweza kukaa meza moja. Hatua ya kwanza haihitaji mamilioni: mchezo mfupi wa simu, hadithi moja, sauti za Kiswahili na za lugha ya mwenye hadithi, na ridhaa ya maandishi kutoka kwa ukoo wake. Wazee wanaozijua hadithi hizo kwa ukamilifu wanapungua kila mwaka, na kazi ya kuwarekodi haiwezi kungoja studio ipatikane.

Kwa sasa, Zau bado inauzwa kwenye mashine zote ilizotolewa. Atakayeipata, hasa aliyefiwa, aingie sehemu ya mipangilio kabla ya kuanza, achague sauti ya Kiswahili, na asiupite mbuyu hata mmoja bila kuketi.